Falsafa na Lugha Yake: Karen na Mjini Nairobi

Falsafa iliingia vyuoni Nairobi kwa milango miwili. Upande wa Karen na Langata, penye nyumba nyingi za mashirika ya kitawa, haikuhitaji kutetewa: sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 humtaka mseminari aisome si chini ya miaka miwili mizima. Chuo cha maaskofu wa Afrika Mashariki kilichoanzishwa huko 1984 kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1992.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi falsafa ilikaa pamoja na taaluma za dini hata 1980, ilipopata idara yake chini ya Henry Odera Oruka. Huyu ndiye aliyewaendea wazee wa vijijini ili kuthibitisha kwamba wamo miongoni mwao wanaohoji mila, wala hawaikariri tu. Hapa ndipo sisi wanalugha tunapoguswa. Wazee walinena kwa lugha zao. Kitabu, *Sage Philosophy* (1990), kikatoka kwa Kiingereza. Chukua neno la Kijaluo Nyasaye, ambalo wamisionari nao walilitwaa katika Biblia. Mzee akilitamka, yu anamtaja yule wa wahenga au yule wa misheni? Swali hilo huenda ndilo kiini cha hoja yake, nayo tafsiri hulifuta kabla msomaji hajaliona. Hasara hii, kwa maoni yangu, haikupimwa vya kutosha. Karen nako mwanafunzi kutoka Tanzania, aliyezoea kusema falsafa, hufundishwa kwa Kiingereza.