Gita la guka, nyuzi 12, na historia ya gia ndogo

Najua kuna wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Wiki hizi mbili nimekuwa nyumbani Giakanja, na kompyuta imelala mkobani kwa sababu guka amenipa kazi nyingine. "Wewe si ni fundi wa mashine? Basi nitengenezee hii." Nimejaribu kumweleza kwamba fundi wa programu na fundi wa vyuma ni watu wawili. Hakuona tofauti, na baada ya wiki mbili hata mimi siioni sana.

"Hii" ni gita lake. Limeumbwa kwa nyuzi 12, lakini mimi nililikuta na sita, na tangu utotoni nilidhani vile vigingi sita vitupu kichwani ni mapambo. Guka alilipiga hivyo hivyo jioni baada ya kukamua ng'ombe, na sisi wajukuu hatukuuliza. Mwaka huu ndipo alipotamka kwamba sauti yake halisi aliisikia mara ya mwisho kabla baba yangu hajaanza shule, na kwamba angependa kuisikia tena wakati masikio bado yanafanya kazi. Ana miaka 76 na sikio la kushoto limeshakuwa zito. Hapo nikaacha ubishi.

Kwanza, gita la namna hii lilifikaje kijijini Tetu? Jibu linaanzia Brazil. Julai 1975 baridi kali ilishuka katika jimbo la Paraná ikachoma mibuni isiyohesabika. Brazil ikipiga chafya, soko la kahawa la dunia nzima linaugua, na safari hii ugonjwa wao ukawa sherehe yetu: mwaka 1976 na 1977 bei ilipanda kiasi ambacho wazee wa Nyeri wanakisimulia mpaka leo. Wengine walijenga, wengine walinunua ng'ombe wa gredi. Guka, akiwa na miaka 28, alinunua gita kutoka kwa mwalimu Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Cucu bado huliita "gita la Brazil", na halisemi kwa upendo.

Lebo ya ndani ililiwa na mende zamani, kwa hiyo jina la kiwanda limepotea. Lakini umri wake unaweza kukisiwa, maana magita ya nyuzi 12 yana msimu wake katika historia.

Kwa wasiolijua: nyuzi 12 zimepangwa jozi sita. Jozi mbili za juu, nyuzi zote mbili zina sauti ileile. Jozi nne za chini, uzi mnene una mwenzake mwembamba ulio oktavu moja juu yake. Kidole kimoja kinabonyeza zote mbili. Kwa kuwa haziwezi kulingana kabisa kabisa, sauti inametameta kidogo, kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja.

Marekani, mtu aliyelifanya gita hili lijulikane ni Huddie Ledbetter, maarufu kama Lead Belly (1888–1949), mwimbaji mweusi kutoka Louisiana. Alipiga Stella, gita la bei nafuu lililotengenezwa na kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City, na alilityuni chini sana kuliko kawaida. Baada yake lilibaki kitu cha wachache mpaka mwaka 1963, The Rooftop Singers walipofika namba moja Marekani na wimbo uliobebwa na magita mawili ya nyuzi 12. Mwaka uliofuata George Harrison wa The Beatles akashika Rickenbacker ya umeme ya nyuzi 12. Ghafla kila kijana alitaka moja, na viwanda vya Ulaya na Japani vikaanza kuyafyatua kwa bei ya mwanafunzi. La guka ni mtoto wa mafuriko hayo, na vipimo vyake vyote ni vya milimita kamili, kwa hiyo naweka dau langu Ulaya. (Kumbukeni hizo milimita, zitanitesa mbele.)

Sasa tuje kwenye shida. Nyuzi sita za chuma za kawaida huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na kitu. Nyuzi 12 zikityuniwa kikamilifu hufika karibu kilo 110. Hiyo ni mifuko miwili ya simenti na ziada, imening'inia kwenye kipande cha mti mchana na usiku kwa miaka 50. Lead Belly hakuwa mjinga kushusha sauti.

Anayezuia mzigo huo ni kifaa ambacho watu wengi hawakitazami mara mbili: ile mashine ndogo kichwani unayozungusha ukityuni. Zamani haikuwepo. Udi wa taarabu una vigingi vya mti mpaka leo, vilivyochongwa vikawa vyembamba upande mmoja, na kinachovizuia visirudi ni msuguano tu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, udi uliompigia ulishikwa na msuguano wa mti kwa mti. Inatosha kwa nyuzi laini. Kwa waya wa chuma, kigingi cha mti ni kazi ya kulia machozi: ukikisogeza unywele mmoja, noti imeruka.

Karne ya 18 mafundi wa London walianza kukopa akili za watengeneza saa. John Preston alikuwa mmoja wao: magita yake madogo yenye nyuzi za waya yalikazwa kwa skrubu zilizozungushwa na ufunguo, kama unavyojaza saa. Kilichoshinda mwishowe kilikuwa gia ya skrubu, wazo ambalo Wagiriki wa kale walikuwa nalo tayari. Skrubu ndogo iko kwenye kishikio unachozungusha, meno yake yanasukuma gia iliyo kwenye shafti, na uzi umejizungusha kwenye shafti hiyo.

Uzuri wake uko hapa, na watu wa usimbaji wataupenda. Skrubu inaweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha skrubu. Uzi ukivuta na kilo zake tisa, nguvu inafika kwenye meno ya skrubu na kufia pale, kwa sababu mteremko wa meno ni mdogo na msuguano unashinda. Ni kama neno la siri lililosagwa kabla ya kuhifadhiwa: kwenda ni rahisi, kurudi hakuna. Na hesabu yake ni tamu vilevile. Shafti ya zamani ina kipenyo cha robo inchi, yaani milimita 6.35, kwa hiyo mzingo wake ni karibu milimita 20. Gia ikiwa na meno 14, mzunguko mmoja mzima wa kishikio unavuta uzi milimita 1.4 tu.

John Kluson alifungua kampuni yake Chicago mwaka 1925, na mashine za muundo wake zikawa kwenye vichwa vya magita mengi ya Marekani. Kampuni ilifungwa mwaka 1981, kisha jina likafufuliwa na wengine miaka ya 1990, kwa sababu dunia ilikuwa imejaa magita yenye matundu ya kipimo kile. Hapo katikati wenye viwanda walikuwa wamehamia mashine nene zilizofungwa na kujazwa grisi, ambazo zinataka tundu la milimita 10. Mnaotunza programu za miaka 20 iliyopita mnaijua hadithi hii: toleo jipya ni bora, ila halikai mahali pa la zamani.

Huku kwetu muziki ulijengwa juu ya nyuzi sita. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville (Likasi ya leo), aliimba kwa Kiswahili na kupiga kwa vidole viwili kana kwamba ni watu wawili. Baadaye alikaa Nairobi, na wapiga gita wa Kenya wakamsikiliza kwa makini. George Mukabi wa Magharibi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na mtindo wake wa omutibo. Upande wetu wa mlima kulikuwa na Joseph Kamaru wa Kangema (1939–2018), ambaye guka anaweza kumpiga wimbo baada ya wimbo bila kutazama vidole. Wakongo nao walikuwa na ujanja wanaouita mi-composé: unavua uzi wa nne, unaweka mwembamba ulio oktavu moja juu. Ni nusu ya siri ya nyuzi 12, bila kununua kichwa kipya. Nilimwonyesha guka akacheka, akasema yeye alifanya kinyume: alikuwa na zote akavua nusu.

Kwa nini alivua? Kahawa ilishuka, mafuta yakapanda, na Kenya ya miaka ile ilidhibiti fedha za kigeni na leseni za kuingiza bidhaa, hali iliyolegezwa mwaka 1993. Nyuzi za gita hazikuwa mbele kwenye foleni. Seti ya nyuzi 12 ilikuwa nadra na bei yake ya kutisha. Uzi ukikatika, guka alifanya walivyofanya wapiga gita kote Afrika: alifumua kebo ya breki ya baiskeli akachukua waya mmoja. Ule waya ni mgumu, haukutengenezwa kwa sauti, na ili utoe noti lazima uukaze zaidi ya mashine ilivyokusudiwa. Gia za shaba zikaanza kuliwa. Vishikio vya plastiki vikapasuka, akavizungusha kwa koleo. Mwaka 1981 hivi, mashine nne zilikuwa zinateleza, ndipo akabakiza nyuzi sita kwenye zile nzima.

Mimi nilianza vibaya. Niliagiza mtandaoni mashine 12 za kisasa, nzuri, zenye grisi. Zilipofika nikapima: milimita 10. Matundu ya gita ni 8.8. Nikachukua drili. Guka alikuwa ameketi kwenye kigoda, akauliza ninataka kufanya nini.

"Nipanue matundu kidogo, guka."

"Na ukikosea?"

Nikanyamaza. Kati ya tundu na tundu mti uliobaki si mwingi, na ni matundu 12 yaliyopangana kama stempu. Mti wenyewe una miaka 50 ya baridi ya Julai na joto la Februari ndani yake. Kwenye kompyuta nina nakala ya kila kitu, na nikiharibu narudi toleo la jana. Kichwa hiki hakina toleo la jana.

"Chuma kinanunuliwa," akasema. "Huo mti sijui utaununua wapi."

Nikarudisha mashine. Safari ya pili nikaagiza za muundo wa kale: sahani mbili ndefu, kila moja ina mashine sita, shafti za robo inchi, na bushi zinazokaa kwenye tundu la 8.8. Furaha ilidumu dakika tano. Shafti ya kwanza iliingia, ya pili ikaingia kwa kubembelezwa, ya tatu ikagoma. Nafasi kati ya matundu ya gita ni milimita 25. Nafasi kwenye sahani ni inchi moja, yaani 25.4. Tofauti ya 0.4 ni kitu gani? Zidisha kwa nafasi tano: mwisho wa sahani umekosa kwa milimita mbili nzima. Nimewahi kuona ripoti ya fedha ikiharibika kwa kosa la aina hiyohiyo, desimali ndogo inayojikusanya kimyakimya.

Suluhisho alilitoa fundi wa jua kali mjini Nyeri, mtu wa kuchomelea mageti. Alitazama, akapima kwa ukucha, akasema, "Kijana, kata." Tulikata kila sahani kwa msumeno wa chuma ikawa vipande vitatu vya mashine mbili mbili. Ndani ya kipande kimoja kosa ni 0.4 tu, na bushi zina ulegevu wa kulimeza. Matundu mapya ya skrubu alitoboa kwenye sahani, yakafuata yale ya zamani kwenye mti. Mti haukuguswa. Kila kipande nilikipa tone la mafuta ya cherehani ya cucu, kwa ruhusa.

Jumamosi jioni tuliweka nyuzi, na nikatyuni hatua mbili chini ya kawaida, kwa heshima ya Lead Belly na ya shingo. Ilichukua saa nzima. Guka alilipokea, akalaza sikio la kulia kwenye mbavu za gita, akapiga jozi ya chini kabisa peke yake, mara tatu. Kisha akanyosha mkono akazungusha kishikio kimoja kwa vidole, bila koleo, kama robo ya mzunguko. Alikuwa sahihi, ilikuwa chini kidogo. Cucu alitoka jikoni akasimama mlangoni, kijiko mkononi, mpaka wimbo ukaisha.

Jumapili ule uzi mwembamba wa jozi ya G ulikatika. Ndio mwembamba kuliko wote na sauti yake iko juu kuliko zote, kwa hiyo kila mwenye gita la namna hii huutarajia. Nimeagiza sita za akiba. Kebo ya breki nimeificha.