Walaji wa Shaba

Mwaka 1926 mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya wafua shaba wa zamani wa Katanga, Kongo, na kuwataja kwa jina lao mashuhuri: walaji wa shaba. Kula hapo ni riziki tu. Kiangazi, mavuno yakiisha, watu walichimba malakiti ya kijani vilimani, wakaiyeyusha katika tanuru za udongo na kuimimina iwe misalaba. Mvua zikikaribia, walirudi mashambani.

Kilima chenye shaba chenyewe hakikulimwa. Udongo wake huishinda miti. Humea nyasi na mimea michache iliyouzoea, ukiwamo ule ambao Wabelgiji waliuita ua la shaba. Kipara cha kilima kilikuwa onyo tosha: hapa usipande mtama.

Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanzisha mji wa Kolwezi mwaka 1937, mgodi, nyumba na bustani vilianza kusogeleana. Kwa miaka mingi posho ya unga ilitoka kwa kampuni, kisha kwa Gécamines, mrithi wake baada ya serikali kuitaifisha kampuni hiyo mwaka 1967. Lakini mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakatika. Jembe likawa ndilo mshahara: uani, kando ya barabara, mabondeni penye maji.

Halafu Kasulo. Mwaka 2014, katika mtaa huo wa komini ya Dilala, Kolwezi, kobalti, metali nyingine, iligunduliwa chini ya nyumba, na punde watu wakawa wanachimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Vumbi la mawe lilitua palepale watoto walipocheza.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven waliwapima wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2018: mkojo wa watoto wa mtaa huo ulikuwa na kobalti takriban mara kumi ya ile ya watoto wa kwingineko. Utafiti wa awali, wa mwaka 2014, ulikuwa umeshaonyesha njia ambazo kobalti huingilia mwilini: vumbi, hasa kwa watoto, na chakula; karibu na viwanda vya kuyeyushia madini mboga zilibeba sehemu kubwa.

Mazungumzo ya sumu katika mboga kwa kawaida huishia kwenye dawa za wadudu. Hizo angalau mkulima anaweza kuzipunguza, au kungoja siku zipite kabla ya kuvuna. Metali haiozi wala haina siku za kungojwa. Maji huondoa vumbi lililo juu ya jani, si kile ambacho mzizi umeshakinywa.

Sokoni mama hunyunyizia maji mafungu ya lengalenga, yaani mchicha, yasinyauke. Majani hung'aa. Mnunuzi hugeuza fungu, hutafuta tundu la mdudu na jani la njano, hulitia kikapuni pamoja na sombe (majani ya muhogo), na kwenda kusonga bukari, ugali wa huko. Kobalti haina harufu, na jani lililoinywa ni la kijani kama mengine.