Shahada za Akina Mama wa South Bronx

Mwaka 2009, Rais Obama alipomteua Sonia Sotomayor kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, sifa nyingi zilimwendea mama yake, Celina, mjane kutoka Puerto Rico aliyewalea watoto wake wawili katika nyumba za serikali za Bronx. Alistahili sifa hizo. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni historia, huvutiwa zaidi na jambo ambalo wasimuliaji walilipita haraka: mama huyo alipoamua, akiwa mtu mzima, kujiendeleza kutoka uuguzi msaidizi hadi kuwa muuguzi aliyesajiliwa, palikuwapo chuo cha kumpokea. Chuo hicho kinaitwa Hostos, na miaka michache tu kabla ya hapo hakikuwapo.

Ukiuliza ni nini kinachomsaidia mwanamke wa Kilatino kufika hadi mahafali, utajibiwa kwa lugha ya tabia: bidii, ari, familia yenye kumtia moyo. Sibezi hata moja kati ya hayo. Lakini bidii ilikuwapo Bronx miaka yote, na shahada hazikuwapo. Kilichobadilika ni taasisi, nazo zilibadilika kwa sababu watu walizidai.

Mwaka 1961 Antonia Pantoja, mzaliwa wa San Juan, aliongoza kuanzishwa kwa ASPIRA, chama cha kuwaandaa vijana wa Kipuerto Rico waingie vyuoni. Mwaka 1965 Evelina López Antonetty aliunda United Bronx Parents, umoja wa wazazi waliochoka kuona watoto wao wakihesabiwa kuwa wazito wa akili kwa sababu tu hawakujua Kiingereza. Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na Wapuerto Rico wakaifunga City College. Hatua iliyofuata, mwaka 1970, ni Chuo Kikuu cha Jiji la New York kufungua milango kwa kila mhitimu wa sekondari wa jiji hilo, bila ada. Mwaka huohuo Hostos kilipokea wanafunzi wake wa kwanza katika jengo lililokuwa kiwanda cha matairi. Jina kilipewa la Eugenio María de Hostos, mwanafikra wa Puerto Rico ambaye mwaka 1873, akiwa Chile, alitetea hadharani haki ya wanawake kusomeshwa sayansi.

Upekee wa Hostos ulikuwa lugha. Mwanafunzi aliweza kuanza masomo kwa Kihispania huku akijifunza Kiingereza, badala ya kungoja miaka hadi Kiingereza chake kikubalike ndipo aguse biolojia. Sisi tuliosoma sekondari kwa lugha ambayo hata mwalimu aliisaka kwenye kamusi hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwa mama wa miaka 40, miaka mitatu ya kungoja ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma kabisa.

Yaliyopatikana kwa madai yalinusurika kwa madai. Jiji lilipoishiwa fedha mwaka 1976, bodi iliamua kukiunganisha Hostos na chuo kingine cha Bronx, jambo ambalo lingekuwa kukiua. Wanafunzi na walimu waliukalia mjengo hadi polisi walipowatoa, na hatimaye bunge la jimbo likakinusuru chuo. Elimu ya bure haikunusurika: mwaka huohuo ada zilianza kutozwa katika chuo kikuu kilichosomesha bila ada tangu 1847.

Pigo la mwaka 1996 lilikuwa la kimyakimya. Sheria mpya ya misaada ya kijamii ilitaka anayepokea posho afanye kazi kwanza, na masomo ya shahada hayakuhesabiwa kuwa kazi. Akina mama waliokuwa darasani waliitwa kwenda kufagia bustani na kupanga majalada ili wasikatiwe posho, na idadi ya wanafunzi wa aina hiyo katika vyuo vya New York ikaporomoka. Mei 1997 ukaongezwa mkwaju mwingine: siku chache kabla ya mahafali, bodi iliagiza kwamba asiyefaulu mtihani wa uandishi wa Kiingereza asihitimu. Kubadilisha sharti wakati mkimbiaji anakaribia utepe si kulinda viwango, hata likaitwa jina gani.

Je, waliopokewa kwa milango wazi walifika wapi? Paul Attewell na David Lavin waliwatafuta wanawake walioingia chuo kikuu hicho kati ya 1970 na 1972, yapata miaka 30 baadaye. Zaidi ya theluthi mbili walikuwa wamepata shahada au stashahada, wengi baada ya kuacha na kurudi, kuacha na kurudi. Takwimu za kawaida, zinazofunga hesabu baada ya miaka sita, zingewaandika wengi wao kuwa walioshindwa. Na watoto wa waliohitimu walifanya vizuri zaidi shuleni, hata pale mama alipochelewa mno kumaliza.

Mwaka 2007 chuo kikuu hicho kilianzisha programu iitwayo ASAP: kufidia pengo la ada, vitabu, kadi ya usafiri wa treni na basi, na mshauri mwenye wanafunzi wachache kiasi cha kuwajua kwa majina. Ilipopimwa kwa bahati nasibu, asilimia 40 ya walioingizwa walihitimu ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wenzao. Mambo hayo ni ya kawaida kabisa, na nauli ni mojawapo. Lakini programu hiyo ina sharti la kusoma muda wote, na mama mwenye watoto wadogo na zamu ya usiku hospitalini hawezi kulitimiza.