Minyororo ya Gent na Kamba za Nyumbani

Katika historia ya Kanisa wapo waliofungua shule, wapo waliojenga makanisa makubwa, nao husifiwa sana. Leo tutawasimulia habari za watu wawili wa Ubelgiji ambao kazi yao ilikuwa kuwafungua wenye wazimu minyororo. Mmoja alikuwa padre, wa pili mganga. Twataka mwone jinsi kazi ile ilivyotoka mkononi mwa mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine pasipo kufa. Maana hapo, viongozi wanapobadilishana, ndipo kazi nyingi njema hufia.

Padre huyo aliitwa Petrus Jozef Triest. Alizaliwa Brussels mwaka 1760, akapewa upadre, akapitia taabu za wakati ule Wafaransa walipotawala Ubelgiji na kulitesa Kanisa. Mwaka 1803 alianzisha shirika la masista kwa ajili ya maskini na wagonjwa. Baadaye akawekwa katika halmashauri iliyosimamia hospitali na nyumba za maskini mjini Gent. Mwaka 1807 akaanzisha pia shirika la wanaume, Mabruda wa Mapendo, ambao huku kwetu Kongo tumezoea kuwaita Mafrere.

Mjini Gent palikuwa na ngome ya kale ya mawe. Chini yake mlikuwa na chumba cha giza chenye unyevu, na humo wanaume wenye wazimu walifungwa minyororo. Hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa lolote. Waliwekwa humo kwa sababu watu waliwaogopa, na kwa sababu watu walidhani kwamba mwenye wazimu hana tena akili ya kuona uchungu. Mwaka 1815 Triest na mabruda wake walipewa ulinzi wa watu wale, wakawafungua, wakawatoa gizani.

Wengine wangalisema, Basi, kazi imekwisha. Lakini Triest alijua kwamba kumfungua mgonjwa si kumponya. Mabruda walikuwa na huruma na nguvu, lakini elimu ya uganga hawakuwa nayo. Ikiwa mgonjwa alipiga kelele usiku kucha, au alikataa kula, wangefanya nini? Huruma isiyo na elimu huchoka, nayo ikichoka huitafuta tena kamba.

Kwa hiyo mwaka 1828, Triest akiwa na miaka 68, nyumba za wagonjwa wa akili za Gent zilipata mganga mkuu, kijana wa miaka 31, jina lake Joseph Guislain. Alikuwa mzaliwa wa mji uleule, naye alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya magonjwa ya akili. Watu wawili hawa hawakufanana. Guislain hakuwa mtu wa sakristia. Katika siasa alikuwa upande wa chama cha huria, ambacho mara nyingi kilishindana na Wakatoliki. Hata hivyo padre mzee hakusema, Nyumba hii ni yangu. Alikubali kwamba mambo ya uganga yaamuliwe na mganga, wakatunga pamoja kanuni za nyumba, ili kila mlinzi ajue lililo halali na lililo haramu kumtendea mgonjwa.

Tuitazame sana hatua hiyo. Mwanzilishi akishika kila kitu mpaka kufa, kazi huzikwa pamoja naye. Triest alifariki mwaka 1836, lakini wagonjwa wa Gent hawakurudishwa gizani. Mabruda walibaki na desturi yao ya kuwatunza, na mganga alibaki na kanuni zilizoandikwa.

Guislain naye alifundisha neno moja ambalo sisi watu wa Kivu twaweza kulielewa upesi. Alisema kwamba mara nyingi wazimu huanza na uchungu wa moyo: msiba, hofu, hasara, aibu. Uchungu ukizidi, akili huyumba. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumtuliza mgonjwa, kumpa mahali pa amani, kazi ya mikono, chakula kwa saa zake na maneno ya upole. Mambo hayo aliyafundisha wanafunzi wa uganga katika chuo kikuu cha Gent, alikokuwa mwalimu tangu mwaka 1835.

Lakini Gent ni mji mmoja tu. Mahali pengine Ubelgiji wagonjwa walikuwa bado wakifungwa vibaya, na wenye nyumba wengine walitafuta faida tu. Guislain akaona kwamba mfano mwema hautoshi. Akaanza kuwaandikia na kuwasihi wakubwa wa nchi. Mwaka 1841 serkali iliunda tume ya kuchunguza hali ya wenye wazimu, naye akawa mmoja wa wajumbe wake. Ilichukua miaka tisa. Tarehe 18 Juni 1850 sheria ikatoka. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kufungua nyumba ya wagonjwa wa akili pasipo idhini ya serkali, na nyumba zote zilipaswa kukaguliwa. Tena sheria iliingia hata majumbani: mtu asifungiwe kwao kwa sababu ya wazimu mpaka waganga wawili wamemwona, na hakimu wa mahali pale aende mwenyewe kumtazama. Mwaka 1857 hospitali mpya ilifunguliwa nje ya kuta za Gent, yenye bustani na hewa safi. Guislain alifariki mwaka 1860.

Sasa turudi huku kwetu. Mafrere wa Triest walifika Kongo mwaka 1911, na Rwanda mwaka 1929, walipopewa shule kubwa ya Astrida. Wazee wengi walisomeshwa nao. Lakini wagonjwa wa akili walingoja zaidi. Hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, ilipangwa mwaka 1968, ikaanza kazi mwaka 1972. Tangu shule ya Astrida hadi hospitali ya Ndera imepita miaka 43. Na mwezi wa Aprili 1994 watu waliokimbilia Ndera waliuawa humo, na wagonjwa pamoja nao. Hata hivyo hospitali ilisimama tena. Upande wetu wa Kongo, Mafrere wameendesha Sosame kule Bukavu, na mjini Goma kituo chenye jina zuri la Kiswahili, Tulizo Letu.

Hapa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, twajua maana ya uchungu wa moyo. Mwaka 2012 vita vilitufikia. Tarehe 13 Juni 2022 mji wetu ulitekwa tena na kundi la M23, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Kisoro. Mwezi wa Januari 2025 Goma nayo ikatekwa. Katika mambo kama hayo akili za watu wengine huyumba. Jamaa wanasema amerogwa, au ana pepo. Wanamfunga kamba nyuma ya nyumba, si kwa ukatili, bali kwa sababu njia ya kwenda Goma ina hatari, fedha hazipo, na wanaogopa asije akapotea usiku au akapigwa na majirani. Hatuwatukani watu hao. Lakini kamba ile ni ndugu yake mnyororo wa Gent, nayo hukata mikono vilevile.

Basi tufanye nini? Sisi makatekista tunaingia katika nyumba nyingi kuliko mganga awaye yote. Tukimkuta aliyefungwa, kazi yetu si kusali tu na kuondoka. Tusali, kisha tuwaeleze jamaa kwamba huo ni ugonjwa, una waganga wake na dawa zake. Tumpelekee habari mwuguzi wa kituo cha afya. Tuzungumze na wakristu wa kigango juu ya nauli. Na asiwepo katekista anayeshika kazi hiyo peke yake. Aandike majina ya wagonjwa wake, amwoneshe mwenzake, ili akihama au akikimbia vita wagonjwa wasisahauliwe.

Tena tuwe na ombi moja, nalo tulipeleke kwa kila atakayekaa katika kiti cha utawala, Rutshuru au Goma, bila kuchoka: kwamba mtu akifungiwa nyumbani kwa sababu ya wazimu, mganga aende kumwona, na mkubwa wa mahali aende kumtazama kwa macho yake mwenyewe. Si ombi kubwa. Wabelgiji walilipata mwaka 1850. Watawala wa Bunagana wamebadilika mara nyingi, na pengine watabadilika tena. Ombi letu lisibadilike.