Kimya cha Tangi

Katika miaka ya themanini nilikuwa mtunza boila wa kiwanda kimoja. Kila alfajiri nilipanda ngazi ya tangi, kurunzi mkononi, nikafungua kifuniko na kutumbukiza ufito wa kupimia mafuta. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia, "Haya ni mafuta mazito, mwanangu. Ukiyatupia kiberiti kinazimika." Nilimwamini, maana yakiwa baridi yalikuwa kama lami.

Sikujua kwamba tarehe 19 Desemba 1982, huko Tacoa, pwani ya Venezuela karibu na Caracas, watu wawili walipanda tangi la kituo cha umeme kwa kazi hiyo hiyo ya kupima. Tangi likalipuka, wakafa. Mafuta yalikuwa mazito kama yetu, lakini yalikuwa yamepashwa joto kupita kiwango ambacho mvuke wake huweza kushika moto. Wazima moto wakaja, waandishi wa habari wakaja, na wananchi wakasogea kutazama. Saa zilipita, joto likishuka polepole ndani ya mafuta, hata likayafikia maji yaliyotuama chini. Maji yakigeuka mvuke hutanuka kiasi cha mara 1,700. Mafuta yanayowaka yakarushwa juu, yakawaangukia watu. Waliokufa walizidi 150.

Niliposoma habari hizo miaka mingi baadaye, nilikumbuka usiku mmoja wa baridi. Kipimajoto kilikuwa kibovu, nami nikaacha mvuke upite katika mabomba ya tangi mpaka asubuhi, ili mafuta yawe mepesi. Nilipofungua kifuniko, harufu kali ilinipiga usoni. Nikapima, nikashuka, nikanywa chai.

Leo najua kwamba hatari yetu ilikaa katika ule uwazi ulio juu ya mafuta. Yafaa joto lisikaribie kiwango cha kushika moto, mabomba ya kupashia yafunikwe na mafuta daima, maji ya chini yatolewe, na cheche isikaribie kifuniko hata siku moja.

Mzee wangu hakunidanganya. Alisema kweli kuhusu mafuta baridi. Sisi tuliyapasha moto, tukabaki na maneno yale yale. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangi letu lilinyamaza kila alfajiri, nami nikadhani ni usalama.