Waasi wa Mumbo na Mtafiti Wao

Msomaji, ukisimama ufukoni Homa Bay, kumbuka kwamba ziwa lile liliwahi kuitia serikali hofu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alidai kuwa nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza, akamtapika salama, akamtuma atangaze kwamba Wazungu watatoweka. Habari zikaenea kusini, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay, Migori na Kisii. Wakoloni waliona wazimu, tena wazimu wa hatari; mwaka 1921 baadhi ya viongozi walipelekwa uhamishoni Lamu, na mwaka 1954 dini ile ikapigwa marufuku.

Lakini je, kwa nini watu waliifuata? Ndilo swali la Audrey Wipper, mwanazuoni wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Katika kitabu chake Rural Rebels (1977) aliilinganisha na Dini ya Msambwa ya Wabukusu. Nyuma ya nyoka aliona Wagusii walioshindwa vitani mwaka 1905 na 1908. Wapo waliomtangulia: mwaka 1972 Bethwell Ogot na William Ochieng' waliiita harakati ya kupinga ukoloni, jina ambalo, kwa maoni yangu, afisa yeyote wa 1921 angalikataa kuliandika katika faili yake.