Kijana wa Tanuru Aliyetangulia Angani

Kalima ni mji uliozaliwa na bati. Kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilichimba vilima vya Pangi, ikajenga kambi za wafanyakazi, na kasiteriti, yaani mawe yenye bati, ikawa inashuka kwa barabara hadi Kindu kupakiwa kwenye treni. Mji wa namna hii, unaojua uzito wa mawe na ukali wa moto, una sababu yake ya kumpenda mwanaanga wa kwanza duniani.

Yuri Gagarin alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Klushino, nchini Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Vita Kuu ya Pili ilipofika kwao, askari wa Ujerumani waliichukua nyumba yao, na familia ikaishi kwenye kibanda cha udongo. Vita ilipokwisha kijana huyo hakwenda moja kwa moja kwenye ndege. Alikwenda kiwandani Lyubertsy, jirani na Moscow, kujifunza kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Alipoendelea na shule ya ufundi mjini Saratov ndipo akajiunga na klabu ya kurusha ndege. Tarehe 12 Aprili 1961, akiwa na miaka 27, chombo cha Vostok 1 kilimzungusha dunia nzima, na safari yote ikachukua dakika 108. Chombo kile hakikuwa na namna ya kumtua salama, kwa hiyo alichomoka humo kikiwa bado juu, akashuka kwa parachuti hadi shambani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Juni 1963, akafuata mwanamke wa kwanza angani, Valentina Tereshkova, binti aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Aliizunguka dunia mara 48, peke yake. Wasichana wa Kalima wanaoosha mchanga wa kasiteriti mtoni wangepaswa kusimuliwa habari zake tangu darasa la kwanza.

Huku kwetu Kongo miaka hiyo anga ilikuwa na maana nyingine. Waziri Mkuu wetu wa kwanza, Lumumba, aliuawa Januari 1961. Novemba mwaka huohuo Waitaliano 13 waliokuja na ndege za Umoja wa Mataifa waliuawa Kindu. Mwaka 1964 vita ya waasi wa Simba iliikumba Maniema yote, mkoa wetu. Mtu aliyesikia mngurumo juu ya miti alitafuta pa kujificha kwanza. Ndiyo maana nawastahi wazee waliosimulia habari za Gagarin na baadaye za kutua mwezini kwa furaha, bila wivu, kana kwamba ni ushindi wa ukoo wao. Waliona sawasawa.

Ushujaa wa wanaanga haukuwa wa sherehe. Tarehe 27 Januari 1967, Wamarekani Grissom, White na Chaffee walikufa kwa moto ndani ya Apollo 1 wakiwa bado ardhini, katika jaribio tu. Aprili mwaka huo Msovieti Vladimir Komarov alikufa parachuti ya Soyuz 1 iliposhindwa kufunguka vizuri. Wenzao waliwazika, kisha wakarudi kazini.

Oktoba 1969, miezi mitatu baada ya safari yao ya mwezini, Armstrong, Aldrin na Collins walifika Kinshasa katika ziara yao ya kuzunguka dunia, wakapokelewa na Rais Mobutu. Nchi yetu iliwaona kwa macho.

Halafu roketi zenyewe zikaja, tena katika ardhi ya bati. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyoongozwa na Lutz Kayser, ilikubaliana na Mobutu na kupewa eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa mkoa wa Shaba, upande wa Manono. Hiyo ni karibu robo tatu ya ukubwa wa Maniema. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kukiongoza kituo cha Kennedy kilichorusha Apollo. Wazo la Kayser lilikuwa zuri: kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, ili roketi iwe ya bei nafuu. Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, mwezi Juni, ilipinda na kuanguka mbele ya Mobutu. Majirani na Wasovieti walidai kwamba ni makombora ya vita, na mwaka 1979 kazi ikasimamishwa. Wataalamu wakaondoka na elimu yao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko roketi iliyoanguka: hapakubaki shule, wala karakana ambamo kijana wa Manono angejifunza.

Jean-Patrice Keka hakungoja kuachiwa elimu hiyo. Mhandisi huyu Mkongomani alitengeneza roketi zake za Troposphere na kuzirushia Menkao, nje ya Kinshasa. Mwaka 2008 Troposphere IV ilipanda karibu kilomita 15. Mwaka uliofuata Troposphere V, iliyombeba panya, ilikengeuka ikaanguka. Mimi namhesabu katika safu ileile ya waliotangulia, kwa kuwa alijenga kwa mikono yake, mbele ya macho ya watu, akijua wazi kwamba inaweza kuanguka.

Majirani nao wanapiga hatua. Kenya, ambayo pwani yake ya Malindi ilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kwa mkono wa Waitaliano na Wamarekani, ilipata setilaiti yake ya Taifa-1 Aprili 2023. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo mwaka 2025. Sisi tuna bati linalounganisha sakiti za vyombo hivyo, na koltani inayotoa tantali ya kapasita zake. Naomba Kalima ipate maabara ya fizikia yenye umeme wa uhakika, darubini moja ya kutazamia mwezi, na tanuru la mafunzo ambapo watoto wa wachimbaji watajifunza kumimina chuma.